Pesa Ngapi Zinatosha Kuzeeka Sange

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa umoja wetu, Sange



Kamati ilituomba tuje kujibu swali ambalo linarudi kila mwisho wa mwaka, wakati wa kugawana sanduku. Mtu akichoka, mkono ukikataa jembe, anapaswa kuwa na pesa kiasi gani ndipo azeeke bila kuhangaika? Sisi tunaotembelea vikundi vya akiba huku bondeni, tangu Luvungi mpaka Kiliba, tunaulizwa jambo hili karibu kila kikundi, na anayeuliza anataka namba moja tu. Dola elfu moja? Elfu tano? Leo namba tutaitoa, msije mkasema watu wa mashirika wanajua kuzungukazunguka tu. Lakini tutaichunguza mbele yenu, muone imesimama juu ya nini.

Tuanze na hilo neno kutosha. Tukiuliza wazee uzee mzuri ni upi, hakuna anayetaja gari wala nyumba ya ghorofa. Wanataja kula mara mbili kwa siku. Kuwa na sabuni. Kumeza dawa ya tansiyo kila siku bila kuruka. Kutoa mchango kwenye matanga kama watu wengine. Mama mmoja alitujibu kwa kifupi kwamba uzee mzuri ni kutokuomba chumvi kwa mke wa mtoto wake. Mnacheka, lakini ile ni hesabu kamili. Kuna kitu kidogo ambacho mtu mzima anapaswa kukipata kwa mkono wake mwenyewe, la sivyo anakuwa mtoto tena ndani ya nyumba ambayo yeye ndiye aliijenga.

Basi tuandike. Tuseme ni mama mjane wa miaka 65, ana nyumba yake, anaishi na wajukuu wawili. Hapa Sange wazee wanaolea wajukuu si wachache. Kuna vita, na kuna ule moto wa lori la mafuta wa tarehe 2 Julai 2010, uliochukua zaidi ya watu 200 usiku mmoja. Kwa hiyo tusihesabu mzee kama mtu anayekula peke yake. Tuweke dola 25 kwa mwezi za unga, ndagala, mafuta ya mawese, maharagi na chumvi. Dola 10 za makala, maji na sabuni. Dola 8 za matibabu, ambazo ataziweka pembeni hata mwezi asipougua. Dola 7 za shule. Ni kweli shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini daftari na uniforme si bure, na sekondari inalipiwa. Dola 5 za kutengeneza nyumba, kwa sababu mabati yanaoza na ukuta wa udongo unakula mvua. Dola 5 za simu, sadaka na matanga. Jumla ni dola 60 kwa mwezi. Bei hizi ni za mfano, kila mmoja abadilishe kwa daftari lake. Anayelipa kodi ya nyumba aongeze, tuseme, 15, afike 75.

Dola 60 kwa mwezi ni dola 720 kwa mwaka. Sasa, kule Marekani kuna mshauri wa mambo ya pesa anaitwa William Bengen. Mwaka 1994 alifanya hesabu ambayo mpaka leo watu wa huko wanaitumia. Alisema mtu anayestaafu, yaani anayekwenda retrete kama tunavyosema hapa, akichukua asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, na kila mwaka akaongeza kidogo kufuata kupanda kwa bei, akiba hiyo inaweza kumfikisha miaka 30 bila kuisha. Ukiigeuza hesabu hiyo, maana yake ni kwamba unahitaji mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Kwa mama wetu ni 720 mara 25. Dola 18,000.

Hiyo ndiyo namba. Tumeitoa.

Tunaona wengine wameshaanza kutikisa kichwa. Mwanachama anayeweka dola 5 kila mwezi kwenye sanduku, bila kukosa hata mwezi mmoja, kwa miaka 15 atakuwa ameweka dola 900. Ukiongeza faida ya mikopo itakuwa zaidi kidogo, lakini 18,000 hataiona hata kwa darubini. Na dola 900 kwa mama wa dola 60 ni chakula cha miezi 15. Kwa mwaka mmoja na robo, akiba ya miaka 15 imekwisha, na yeye bado yuko hai, Mungu asifiwe.

Hapo tukumbushe jambo ambalo watu wanakosea. Tunasikia redioni kwamba wastani wa maisha katika nchi yetu ni miaka sitini na kitu, halafu mtu wa miaka 58 anajiambia, basi mimi nimebakiza miwili. Hapana. Wastani ule unashushwa na watoto wanaokufa wadogo. Aliyekwisha kufika 60 amepita hatari nyingi, anaweza kuishi miaka 15 au 20 tena. Tazameni tu kwenye mikeka ya mbele hapa. Uzee ni safari ndefu, na wengi wanaifungia mzigo wa siku mbili.

Lakini tuseme kuna mwenye bahati, ameipata ile 18,000. Je, amepona?

Hesabu ya Bengen ilijengwa juu ya soko la hisa na hati za deni za Marekani, nchi ambayo pesa yake haijabadilishwa jina. Sisi tumebadilishiwa mara ngapi? Mwaka 1967 zaire ilipoanza, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na zaire 9,000 mwaka 1970 alikuwa na dola 18,000, namba yetu hii hii. Alikuwa tajiri wa uzee. Desemba 1979 serikali ikazikataa noti za zaire 5 na za zaire 10, watu wakapewa siku chache za kubadilisha, na kwa kiasi kilichopimwa. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, na kila moja ilimeza zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka, na kila moja ikameza zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu wenyewe. Ili upate franka moja ulipaswa kuwa na zaire bilioni 300 za zamani. Yule wa zaire 9,000 hakupata hata kipande cha franka. Na franka nayo, ilipozaliwa dola 1 ilikuwa karibu franka 1.4, mwaka 2024 dola moja ilifika zaidi ya franka 2,700. Wazee walitufundisha kwamba akiba haiozi. Zaire ilioza.

Mtasema basi tuweke dola. Ni vizuri zaidi, na wengi mnafanya hivyo. Lakini dola nayo inahitaji mahali pa kulala. Mwanzoni mwa 2025 vita vilipofika Goma, kisha Bukavu, benki za miji hiyo zilifunga milango. Mwenye akaunti hakuambiwa kwamba pesa yake imepotea. Aliambiwa tu kwamba haiwezi kutoka. Kwa mzee wa tansiyo, pesa isiyotoka mwezi huu ni sawa na pesa isiyokuwepo. Na ninyi mliovuka Ruzizi Februari ile, mkalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, mnajua noti zilizofungwa kwenye kitenge zinaogopesha kuliko zinavyosaidia.

Kwa hiyo swali la kiasi gani, hapa kwetu, limefungwa pamoja na swali la wapi na kwa namna gani. Mtu wa Chicago anaweza kuyatenganisha. Sisi hatuwezi, na anayekuja kutufundisha akiba bila kusema vita anatufundisha nusu.

Kuhusu pensheni ya serikali tutapita haraka, kwa sababu katika umoja huu inawagusa wachache. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayoongoza kasa ya CNSS, ile ambayo wazee wanaijua kwa jina la INSS. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anatoa asilimia 13. Pensheni inaanza kwenye miaka 60, kwa aliyechangiwa angalau miezi 180, yaani miaka 15. Sasa tazameni maisha ya watu wa hapa. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama 1996 pamoja na vita, na mishahara ikasimama pamoja nacho. Nani baada ya hapo amepata miaka 15 mfululizo ya mshahara wenye karatasi? Walimu na watumishi wa serikali wana kasa yao nyingine, CNSSAP, nao waifuatilie. Neno letu kwa kila mtu aliyewahi kukatwa mshahara ni moja tu: tafuta namba yako na karatasi zako za malipo, uziweke pamoja, kisha uende ofisini ukaulize miezi yako ni mingapi. Usingoje 60. Anayefika na miezi 140 akiwa na miaka 50 bado ana nafasi ya kuikamilisha. Anayefika nayo akiwa na 67 anabaki na masimulizi.

Na kwa wale wanaouliza majirani wanafanyaje, kwa sababu wengi mmeishi ng'ambo: Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 anapewa pensheni, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, karibu dola 9 za wakati ule. Kenya ina mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee wa 70. Uganda wanatoa shilingi 25,000 kwa wenye 80. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofika kwenye 60 yetu, na hakuna mzee wa huko anayeidharau. Kwa nini? Kwa sababu inakuja. Dola 9 ambayo unajua inakuja kila mwezi inakupa sauti dukani, unaweza hata kukopeshwa kilo ya sukari. Hilo tulishike, tutalirudia.

Sasa watoto. Tunasema mtoto ni pensheni, na hatutakuja hapa kuwaambia ni uongo. Wengi wenu mnakula kwa sababu kuna mtoto Bujumbura, Lubumbashi, au aliyechukuliwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu. Lakini tuwaonee huruma na wao. Yule wa Marekani analipa nyumba kabla ya kununua chakula, na nyumba ya huko haingojei. Kinachowaumiza wazee tunaowatembelea ni kwamba pesa ya watoto inakuja siku ya msiba na siku ya operesheni, inakuja nyingi, halafu miezi mitano hakuna kitu. Katika familia moja watoto watano walikubaliana, kila mmoja dola 3 kwa mwezi, na mdogo wao wa kike ndiye anakusanya kwenye simu. Ni 15 tu. Lakini mama yao anaihesabu kama mshahara. Mazungumzo haya yafanyike wakati bado una nguvu na bado wewe ndiye unawapa wajukuu maembe. Ukingoja mpaka unaomba, hayatakuwa mazungumzo tena.

Tukae kidogo kwenye nyumba na shamba, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunaweza kushinda au kushindwa.

Mzee mwenye kiwanja chake tayari amepunguza zile 75 kuwa 60. Akiwa na shamba, hata kama hawezi kulima mwenyewe, anaweza kulimisha kwa kugawana mavuno na kupata, tuseme, chakula cha dola 15 kwa mwezi. Akijenga chumba kimoja cha kupangisha na akapata mwalimu au muuguzi wa kukaa humo kwa dola 10, chumba kilichomgharimu 600 kinajilipa kwa miaka 5, halafu kinaendelea kumlipa yeye. Ndiyo maana hatupendi kuona mtu anakusanya dola 900 mpaka uzeeni ndipo ale. Zigeuzwe mapema, wakati bado unaweza kusimamia fundi na kumfukuza anayekuibia misumari.

Lakini kiwanja ni karatasi kabla ya kuwa udongo. Ninyi mliorudi kutoka Tanzania na Burundi hatuwafundishi hili. Mmefika, mmekuta mtu mwingine anakaa, anapika kwenye jiko lenu. Wengine mlirudishiwa kwa sababu kulikuwa na mzee aliyekumbuka mpaka wa shamba, mti ule, jiwe lile. Wazee wale wanakwenda. Mashamba mengi ya bonde hili mipaka yake iko kichwani mwa mtu wa miaka 80. Tafadhali, mwaka huu, si mwaka ujao, mwiteni yule mzee, mwiteni jirani na shefu wa mtaa, pimeni, andikeni, watie sahihi wote. Kopi moja ibaki kwako, nyingine kwa mtu unayemwamini Uvira au ng'ambo, na picha kwenye simu ya mtoto aliye mbali.

Na ba mama, hapa sikilizeni vizuri. Siku ile ile ya 15 Julai 2016 ilitoka na sheria nyingine, namba 16/008, iliyorekebisha Sheria ya Familia. Mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Hatufukuzwi kama wageni matanga yakiisha. Lakini sheria inauliza kwanza, ndoa imeandikwa? Tunajua ng'ombe walitolewa, tunajua kanisa lilijaa, tunajua mmeishi miaka 35. Kama leta-sivili haina ndoa yenu, ndugu wa marehemu wana mahali pa kuanzia. Kuna mama tuliyemkuta anauza mkaa kando ya barabara kubwa ya Uvira, nyumba yake ya matofali anaiona kila siku akipita. Hakukosea kuhesabu, wala hakukuwa mvivu. Alikosa karatasi ya ukurasa mmoja. Ba baba mliopo, hii nayo ni akiba, na haiwagharimu mbuzi.

Tena ugonjwa. Tumeweka dola 8 kwa mwezi za matibabu, na mwezi wa kawaida zinatosha kwa vidonge vya tansiyo na malaria ya mjukuu. Hazitoshi siku ya henia au ya mguu uliovunjika. Kwa yale tunayoyaona, wazee wengi walioanguka kabisa hawakuangushwa na njaa. Waliangushwa na karatasi moja ya hospitali. Mgonjwa amepona, lakini anazuiliwa palepale mpaka alipe, na kila siku anayobaki deni linakua. Familia inauza shamba kwa wiki moja, kwa bei ya mwenye haraka. Lile shamba lilikuwa chakula cha dola 15 kwa mwezi kwa miaka 20 iliyobaki. Hesabuni, ni dola 3,600 zimeuzwa ili kulipa deni la mia na hamsini au mia mbili.

Ndiyo maana tumekuja na pendekezo, na kamati inalijua. Wengi wenu mnajua mutueli za mshikamano, zile tunaita MUSO. Zina sanduku la kijani la akiba na mikopo, ambalo pesa yako inabaki yako, na sanduku jekundu la msaada, ambalo ukishatoa umetoa. Kuna na la buluu kwa pesa inayotoka nje, lakini hilo leo tuliache. Katika umoja wetu sanduku la kijani linashiba na jekundu lina kutu. Linatumika kwa matanga tu. Tunawazika watu vizuri sana, hilo tunajulikana, sanduku la mbao laini na mchele kwa wote. Aliye hai akishikwa hospitalini tunamtembelea na maneno ya faraja.

Tunapendekeza kila mwanachama atoe dola 1 kwa mwezi kwenye sanduku jekundu, na pesa hiyo iwe ya matibabu kabla ya kuwa ya mazishi. Tukiwa wanachama 40 ni dola 480 kwa mwaka. Tuseme operesheni ya henia ni 150. Ni watu watatu kwa mwaka ambao mashamba yao hayatauzwa, na 30 zinabaki. Si nyingi, lakini shamba moja lililookolewa linazidi michango ya umoja mzima ya mwaka. Yule mzee akibaki na shamba, anaendelea kula mwenyewe.

Sasa tumrudie mama wetu wa dola 60. Shamba la kugawana 15. Chumba 10. Watoto 15. Mbuzi wachache au meza ya chumvi na sabuni mbele ya nyumba, 10. Matibabu makubwa yanabebwa na sanduku jekundu, tuseme hilo linamtua mzigo wa 8. Jumla 58. Zimekosekana mbili, na kwa mbili hatalala njaa. Hana 18,000. Pengine hajawahi kushika hata 1,000 kwa wakati mmoja.

Halafu tuwe wakweli, risasi zilie. Mavuno yamekwenda na askari, mpangaji amekimbia, mbuzi wameliwa, meza imevunjwa. Zinabaki zile 15 za watoto, kwa sababu wao hawako hapa, na zile 8, kama umoja umejua kujipanga. Ni 23 kati ya 60. Ni kula mara moja kwa siku, ugali na sombe, kwenye uwanja wa watu. Aliyekuwa na kila kitu kwenye shamba moja na kitenge kimoja amebaki na sifuri. Tofauti ya 23 na sifuri ninyi mmeiona kwa macho, hatuna la kuongeza. Na vita vikipita, anayerudi na karatasi za kiwanja anaanzia juu kidogo kuliko anayerudi na mashahidi waliokufa.

Ili zile 8 zisipotee, kuna kazi ndogo ya kufanya kwenye daftari. Daftari la umoja liwe na kopi. Mwenye funguo mmoja akivukia Rugombo na mwingine akikimbilia Baraka, kila mmoja awe na orodha ya nani ametoa nini na nani anadaiwa. Kuna vikundi ambavyo mwaka ule viligawana pesa haraka kabla ya kukimbia, lakini waliandika. Waliporudi walianza tena kwa wiki mbili. Kuna vingine vilikuwa na pesa nyingi zaidi na daftari moja, likaungua. Mpaka leo watu hawasalimiani.

Tulikuwa tumemaliza, lakini kuna swali liliulizwa kabla ya mkutano na tuliahidi kulisema hadharani. Wazee wenye zaidi ya 70, ambao hawawezi hiyo dola 1, wafanyweje? Wapo 6 katika umoja huu. Wengine wao ndio waliuanzisha, wakati bado tunalala chini ya mashiti ya HCR. Kuna wanaosema asiyetoa asipewe, kwa sababu sanduku likiwa na huruma nyingi linakufa. Hoja hiyo ina ukweli, tumeona masanduku yaliyokufa hivyo. Kuna wanaosema wao walishatoa kwa miguu yao. Sisi tumepiga hesabu tu: 6 wakiingia bila kulipa, mchango wa waliobaki 34 ukiwa dola 1 na franka 500, sanduku halipungui kwa kiasi cha kuliangusha. Franka 500 ni beignet chache. Lakini pesa ni yenu, na uamuzi ni wa wenye kadi.

Kura itapigwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada, palepale chini ya mwembe. Kila mmoja aje na kadi yake. Na wale wenye makaratasi ya INSS ya zamani, hata yaliyoliwa na mchwa, waje nayo siku hiyo. Tutakuwa na meza pembeni, tutayasoma pamoja.